Mwanangu afanya mekapu, majirani washaanza maneno

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama umtoe kijana saluni juu majirani wasema wanaume wa mekapu na kucha wote ni mashoga. Mimi nakwambia usimtoe. Hebu angalia hapa hapa Mombasa, pilau ya harusi yapikwa na nani? Si ni wanaume na masufuria yao, na magauni ya kina dada washona mafundi wanaume, wawapima mpaka kiuno, na hakuna anayesema kitu, lakini akishika brashi ya mekapu tu ndio inakuwa kesi. Na msichana akiwa makanika, ati msagaji. Mambo gani haya!

Kazi haikwambii mtu ampenda nani. Justin Fashanu alikuwa straika Uingereza, mwili kama ukuta, na 1990 akasema wazi kuwa ni shoga. Alan Turing, Muingereza, alikuwa mtu wa hesabu, naye pia shoga. Binyavanga Wainaina wetu wa hapa Kenya alikuwa mwandishi, akajitangaza kuwa shoga 2014. Sasa hao nao ilikuwa kucha?

Lakini hizo porojo usizidharau kabisa, manake sheria yetu kifungu cha 162 ina kifungo hadi miaka 14 kwa kitendo chenyewe cha ngono, si kwa kazi, na mtaani watu hawangoji ushahidi. Kwa hivyo usimhoji kijana, muulize tu kama kuna anayemsumbua njiani akirudi usiku, na huyo jirani anayeanzisha maneno mwendee wewe mwenyewe, mchana, muongee.