Kutoka Rau hadi kwenye miwa: upepo kiasi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Ngaramtoni, Arusha. Nimenunua baiskeli ya mtumba ya njia za changarawe, ina matairi ya milimita 38 na tyubu ndani. Nimezoea kuzunguka barabara za msitu wa Olmotonyi na sijawahi kupata shida. Wiki iliyopita nilishuka Moshi kwa mwenzangu, tukapita Msitu wa Rau, tukatokea kwenye mpunga, tukaelekea upande wa miwa ya TPC, kampuni ya sukari. Nilijaza paundi 70 kama nilivyoshauriwa. Mikono ilikufa ganzi na nikapata pancha mbili. Nikapunguza upepo kwa kubonyeza na kidole, nikapata nyingine mbili. Nina kilo 72. Nijaze ngapi? Na wakati wa kurudi tunaweza kufuata reli? Tunataka kurudia mwishoni mwa Juni.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya namba, zitafute zile tyubu nne kama hujazitupa. Zijaze, zizamishe kwenye beseni la maji, uone mapovu yanatokea wapi. Naamini mbili za kwanza zina tundu moja dogo kama la sindano, upande wa nje unaogusa tairi. Mbili za mwisho zitakuwa na mipasuko miwili iliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Hayo ni magonjwa mawili, na ulipojaribu kuukimbia usumbufu wa la kwanza ukajitia kwenye la pili.

Tundu moja ni mwiba. Mipasuko miwili ni rimu: tairi lenye upepo kidogo likigonga jiwe hubonyea hadi mwisho, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo za rimu. Aliyekushauri paundi 70 alikuwa anakukinga na hilo la rimu tu. Mwiba hauogopi upepo mwingi. Tairi gumu halibonyei, kwa hiyo uzito wako wote unakaa juu ya ncha ya mwiba, na ncha inapita. Ganzi ya mikono inatoka hapo hapo, maana tairi lisilobonyea linakurudishia kila kokoto kwenye usukani.

Sasa namba. Wewe kilo 72, baiskeli yenyewe tuseme 11, maji na vifaa kama nne. Kwa tairi la milimita 38 lenye tyubu, anza na paundi 45 nyuma na 40 mbele. Mbele panapungua kwa sababu uzito mwingi unakaa nyuma. Ukiona bado panatetemesha, punguza mbili mbili, ila usishuke chini ya 35. Na tumia geji, yaani kipimo cha upepo, tafadhali. Kwenye tairi jembamba kidole hakiwezi kutofautisha paundi 30 na 45, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuharibia siku. Kama vali zako ni zile nyembamba, nunua adapta ndogo ya shaba ili pampu na geji za kawaida zikubali. Jaza ukishafika Moshi, si alfajiri ya baridi ya Ngaramtoni. Joto la huku chini huongeza paundi kadhaa lenyewe.

Lakini namba peke yake haitakusaidia usipojua kwa nini Olmotonyi ilikuwa inakusamehe. Kule unapita kwenye udongo wa majivu ya volkano ya Meru. Ni mwepesi, maji yanapita haraka, barabara zimechongwa kwa ajili ya malori ya magogo, na chini ya misindano hakuoti miiba ya kutisha. Udongo ni mmoja siku nzima. Huku Moshi, kwa umbali wa kilomita 20 hivi, unabadilishiwa udongo mara tatu, na kila mmoja una madai yake.

Rau ni msitu unaonyweshwa na maji ya ardhini yanayoshuka kutoka mlimani. Ndiyo maana una mivule mikubwa na mbega wamejaa, ilhali umezungukwa na nchi kavu. Kwa baiskeli maana yake ni kwamba hata kiangazi utakuta sehemu zenye unyevu na mizizi inayoteleza chini ya majani. Hapo punguza mwendo, simama kwenye pedali, breki ya mbele iguse kidogo tu. Msitu uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo pitia kwao kwanza, lipa kiingilio, uulize njia zipi zinaruhusiwa kwa baiskeli. Mimi napenda tuwe na adabu hapo, kwa sababu vijia vikichimbwa na matairi wakati wa matope havirudi haraka.

Ukitoka msituni unaingia kwenye mpunga wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ule uliokamilika 1987 kwa msaada wa Japani. Barabara za kando ya mifereji zimenyooka na zinavutia, na hapo ndipo pa kuogopa. Sehemu kubwa ni mfinyanzi. Ukiwa mkavu, ni kama sakafu. Ukilowa, unashika tairi, unakusanya nyasi, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Ukilazimisha kukanyaga, tope linavuta kihamisha-cheni cha nyuma kuelekea kwenye spoku. Nilivunja changu hivyo, mfereji mmoja tu ulikuwa umefurika usiku, na nikasukuma baiskeli kwa muda wa saa tatu juani. Sehemu inayokatika ni kile kipande chembamba cha aluminiamu kinachounganisha kihamisha-cheni na fremu. Kimetengenezwa kiwe dhaifu ili fremu ipone. Vina maumbo mengi na mara nyingi havibadilishani, kwa hiyo kifungue, nenda nacho dukani au kiagizie mfano wake, uwe na cha akiba mfukoni kabla ya Juni. Pima pia nafasi kati ya tairi na fremu. Kama kidole kidogo hakipiti, usiongeze tairi pana.

Njia ya kuujua mfinyanzi ni rahisi: shuka, kanyaga kwa kiatu, nyanyua mguu. Udongo ukibaki kwenye soli kama chapati, geuka. Baada ya mvua kubwa mimi nasubiri siku tatu. Juni mnayoitaka ni nzuri kwa kuwa masika yameshapita, ila mifereji inafurika hata bila mvua, kwa hiyo jaribio la kiatu libaki pale pale.

Udongo wa tatu ni wa kuelekea miwa. Vumbi, joto, migunga, na mbigiri zimelala pembeni ya njia. Pancha zako mbili za kwanza zilitoka huku, naweza kuapa. TPC ilianza 1930 chini ya A.P. Møller wa Denmark, ikilima mkonge kabla ya kuhamia kwenye miwa, na barabara za ndani ya shamba ni za kampuni. Omba ruhusa getini. Wakati wa kuvuna kuna matrekta yenye matela marefu, na dereva hakuoni ndani ya vumbi.

Dawa ya miiba ni maji ya gundi. Kama vali zako zinafunguka kiini, weka mililita 60 ndani ya kila tyubu, itaziba matundu ya mbigiri yenyewe. Joto huikausha, kwa hiyo iangalie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kuondoa tyubu kabisa ni bora zaidi, na ungeweza kushuka hadi paundi 32 bila woga wa kubanwa, lakini hilo linawezekana tu kama rimu na tairi zote mbili zimeundwa kwa kazi hiyo. Kwa baiskeli ya mtumba nisingekisia. Ipeleke kwa fundi aitazame. Na kila ukiziba pancha, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote. Kitanasa kwenye mwiba uliobaki, ambao vidole vyako havitauona.

Kuhusu reli, hapana. Najua watu wanaizungumza kama reli mfu. Ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, ikakaa miaka mingi bila abiria, lakini treni zilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha 2020. Kuifuata ni marufuku na ni hatari. Kokoto zake ni kubwa mno kwa milimita 38, na kijia cha pembeni ndicho kitalu cha mbigiri.

Rudini kwa njia ile ile mliyoendea. Kumbukeni kwamba kurudi mjini ni kupanda, taratibu lakini bila kivuli, kwa hiyo ondokeni Moshi saa kumi na mbili asubuhi, mwe mmegeuka kwenye miwa kabla ya saa tatu. Lita mbili za maji kwa kila mtu, tyubu mbili za akiba, viraka, na hicho kipande cha aluminiamu.