Nozeli kubwa kwenye Fuso

SWALI: Shikamoo fundi. Fuso yangu ya injini ya 6D16, isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hubeba saruji kutoka Dar hadi Iringa. Ikifika mlima wa Kitonga inachoka. Wenzangu wananishauri nifunge nozeli (vipuli vinavyopuliza dizeli ndani ya injini) zenye matundu makubwa. Nifunge?
Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba. Usifunge. Kwenye injini hiyo kiasi cha dizeli hupimwa na plunja, yaani vipistoni vidogo vya pampu ya dizeli. Ukiweka matundu makubwa bila kugusa pampu, dizeli ileile itatoka kwa presha ndogo: badala ya ukungu ni matone, na moshi mweusi. Ukiongeza na pampu, hewa ya kuichoma huna, maana turbo haipo. Joto linapanda, na kwenye mlima mrefu kama ule pistoni zinaweza kuyeyuka. Naogopa sana hilo, gari ndiyo riziki yako.

Anza na filta ya hewa, halafu peleka pampu na nozeli zote sita kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Simama uone mwenyewe: vioo vyote sita vya mashine vinavyopokea dizeli vijae sawasawa, na kila nozeli ifunguke kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, ikate dizeli bila kudondosha. Ikidondosha, nunua mpya ya namba ileile.