Umefika ukurasa wa ngapi?

Toleo lililopita niliwauliza jambo moja tu: ni kitabu gani kiko mkononi mwako sasa hivi, na umefika ukurasa wa ngapi? Sikuuliza mnapenda kitabu gani, maana swali hilo watu hulijibu kwa adabu. Kila mmoja hutaja kile alichosomeshwa shuleni ili mwalimu afurahi. Ukurasa hauna adabu. Mtu akikwambia amekwama ukurasa wa 17 tangu Ramadhani, huyo amekwambia kweli.

Barua zimekuja, nyingi kwa simu, tatu kwa karatasi, na moja ya bwana anayeniomba nimpatanishe na mkewe. Baba, mimi ni shangazi wa vitabu. Shangazi wa ndoa yuko kurasa mbili mbele.

Kwa wageni wa safu hii: nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31, sasa nimetulia Ngamiani, Tanga, na makabati mawili sebuleni na daftari la waazimaji. Anayenirudishia kitabu simuulizi kama kimempendeza. Namuuliza, "Nini kilikukera?" Jibu lake ndilo hunionyesha cha kumpa baada ya hapo. Aliyependa kila kitu namrudisha akasome tena.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, Morogoro, niko zamu za usiku. Niliona filamu ya Vuta n'kuvute ndipo nikakitafuta kitabu. Nimevuka nusu. Ila Denge ananiudhi! Yasmin ameacha kila kitu, na yeye kichwani ana siasa tu. Nikimaliza nishike kipi?*

Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Filamu hiyo ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imeniletea watu wengi mlangoni. Nakala yangu ya riwaya yenyewe, ya Adam Shafi, imetoka na kurudi mpaka jalada limeshikwa na gundi ya viatu. Wengi wanaoirudisha humlaani Raza, yule mume mzee aliyeozeshwa Yasmin angali binti mbichi. Wewe ni wa kwanza kuja na hasira kwa Denge, yule mpigania uhuru, na kwa hilo nimekupenda.

Kwa hasira hizo sikupi riwaya nyingine ya mapenzi. Nakupa *Kuli*, ya Adam Shafi huyohuyo, iliyotoka 1979, miaka 20 kabla ya hii uliyonayo. Humo hakuna Yasmin. Mna Rashidi, mna bandari ya Unguja, mna magunia na migongo ya watu, mpaka unafika mgomo wa mwaka 1948. Ukitoka hapo utamrudia Denge ukijua kwa nini kitako hakimkai. Kumpenda si lazima.

Kisha, ukiwa na moyo, chukua *Haini*, ya mwaka 2003. Hii inaingia katika mahabusu ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Denge alifungwa na Mwingereza, humu anayefunga ni mwenzako. Adam Shafi mwenyewe aliwahi kukaa ndani, na inaonekana katika namna anavyohesabu vitu vidogo: mkeka, ndoo, sauti ya funguo. Hiki usikisome zamuni usiku. Nisikilize.

Na kama unachotaka hasa ni mwanamke anayebeba hadithi mwenyewe bila kungoja mwanamume amalize mkutano wa chama, mtafute Rehema katika *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Binti wa tajiri asiyeachiwa hata haki ya babake. Kiswahili cha humo, wacha tu. Mimi hukisoma polepole kama mtu anayekula embe la mwisho la msimu.

*Shangazi mambo. Fundi pikipiki, Dodoma. Nimemaliza Willy Gamba wote na Joram Kiango wote niliowapata. Sasa wamenichosha. Hawafi! Nikifika ukurasa wa kumi najua atapona tu.*

"Mambo" kwa shangazi wa miaka 68? Haya, poa.

Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, na Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, walitufanyia kazi kubwa, tusiwavunjie heshima. Kuna wanaume wa rika langu ambao vitabu pekee walivyowahi kuvimaliza ni vya hao wawili, na walivimaliza usiku mmoja kwa koroboi. Lakini kero yako naielewa. Umechoka na risasi, unataka akili. Basi nenda Unguja kwa mpelelezi Bwana Msa.

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hapigi mtu. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kukera. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Panapatikana mwili hauna kichwa, mahali pa kutambikia, na mji mzima una jawabu tayari: ni mzimu. Msa anawasha kiko na kuuliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Hapo ndipo raha yote.

Mimi kitabu hicho nilikisoma nikiwa na miaka 13, nakala ya mjomba wangu, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Nadhani zilifungia karanga. Nilikaa karibu miaka miwili bila kumjua muuaji. Nilishuku watu wote wa kitabuni, kisha nikaanza kushuku watu wa mtaani kwetu, mpaka nikaenda sekondari nikakuta nakala nzima maktabani. Nikasoma kurasa zile nimesimama. Nilikuwa nimekosea kabisa, na mpaka leo naona dhana yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mwandishi.

Ukimaliza hicho, chukua *Kisima cha Giningi*, kisha *Duniani Kuna Watu*. Angalia kurasa za mwisho kabla ya kulipa.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu Ukerewe. Kila mwisho wa mwezi napanda meli kutoka Nansio kwenda Mwanza, na mkobani nina Nagona ya Kezilahabi. Nipo ukurasa wa 9. Nimekuwa ukurasa wa 9 kwa miezi minne. Nina shahada, Shangazi, na kitabu chenyewe chembamba kama daftari. Naona aibu.*

Marahaba mwalimu mwenzangu. Aibu ya nini? Mimi nilikinunua kikiwa kipya, miaka ya mwanzo ya tisini, nikakifunga mara tatu. Mara ya tatu nilikitupa juu ya kabati la chumba cha walimu, kikakaa huko na chaki mpaka mhula ukaisha. Mwalimu mmoja wa hesabu alikichukua, akasoma kurasa mbili, akaniuliza kama kimekosewa kiwandani.

Tatizo lako si akili, ni mlango uliopitia. Umeingilia dirishani, tena dirisha la ghorofani. Kezilahabi hakuanza hapo. Alianza na *Rosa Mistika*, 1971, na kitabu hicho kinaanzia Namagondo, kijiji alichozaliwa yeye, hapohapo kisiwani kwenu. Unamwona Zakaria mlevi anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na unaona jinsi fimbo ile inavyomfuata Rosa mpaka chuoni. Wakubwa walikipiga marufuku mashuleni kwa muda. Baadaye kikawa kitabu cha mtihani, na mimi nikalipwa mshahara kukifundisha. Ndiyo dunia.

Kutoka hapo nenda *Kichwamaji*, 1974, ukakutane na Kazimoto, msomi asiyejua afanye nini na usomi wake. Nina hakika unamjua mmoja. Labda mnakaa meza moja. Kisha *Gamba la Nyoka*, 1979, ya vijiji vya ujamaa. Halafu uone: baada ya hiyo hakutoa riwaya kwa miaka 11. Katikati alikwenda Wisconsin, Marekani, akachukua udaktari mwaka 1985, akichimba falsafa. Aliporudi na *Nagona*, mwaka 1990, hakuwa tena mtu wa kukusimulia kwamba fulani alitoka nyumbani akaenda sokoni. Alikuwa amechoka na hadithi zinazojifanya zimeyaelewa maisha. Msimulizi wa *Nagona* anatembea katika ukiwa akitafuta kitu ambacho hata yeye hana hakika nacho. Kama na wewe umepotea ukurasa wa 9, mwenzako pia amepotea.

Nilipokishusha juu ya kabati nilikisoma kwa sauti, peke yangu, mlango umefungwa, bila kurudi nyuma hata sentensi moja. Nilikipokea kama ndoto ya mtu mwingine, na ndoto huisimamishi katikati ukaiuliza maana. Nilimaliza kwa siku mbili. Niliambulia kiasi gani? Theluthi, labda. Mwaka uliofuata nikapata theluthi nyingine. Ile ya tatu bado naidai.

Sasa, kwa kuwa wewe ni wa Ukerewe, nina deni jingine la kukukumbusha. Kisiwa chenu kidogo kimetoa wawili. Kabla ya Kezilahabi alikuwepo Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kikerewe hakikupata mchapaji. Mzee akakaa chini akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980, Tanzania Publishing House, juzuu mbili. Yeye akafariki 1981. Piga hesabu: miaka 35 ya kungoja.

*Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ni habari ya mke na mume wasiojaliwa mtoto, wanaopendana, na wakwe wanaoingilia. Bugonoka anarudishwa kwao, na Myombekere ili ampate tena inabidi apike pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe. Kitereza anakuonyesha pombe hiyo hatua kwa hatua, ndizi kwa ndizi, nani kaja kusaidia, nani kaja kuonja tu. Wanafunzi wangu walilalamika: "Mwalimu, hakuna kinachotokea." Kinatokea, watoto. Mtu anamtafuta mkewe, na njia ya kwenda kwa mkewe inapita katika ndizi. Kile ulichokikosa *Nagona*, yaani ardhi ya kukanyaga, hapa kimejaa mpaka miguu inachafuka. Ni kinene, kitakutosha safari zote za meli mwaka huu.

*Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Naishi Maskati. Mwanangu wa miaka 11 Kiswahili anakisema, kukisoma hataki. Anasema hadithi zetu zote zina sungura.*

Waaleikumu salaam. Ana haki, masikini, sungura amefanya kazi kupita umri wake. Mpe *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba: mvulana anazunguka Tanzania akiisaka marimba yake iliyoibwa. Msomee sura ya kwanza wewe, kisha sahau kitabu mezani, nenda jikoni. Usimuulize amefika wapi. Najua mimi ndiye nimeanzisha swali hilo, lakini kwa mtoto ni polisi.

*Hujambo Shangazi. Niko Kitale, Kenya, nasoma Siku Njema mara ya tatu. Bado naipenda, ila safari hii nimeona Kongowea anafanikiwa mno. Mwisho ule ni mtamu kupita kiasi.*

Sijambo mwanangu. Kongowea Mswahili alitoka kwetu Tanga kumtafuta babake huko kwenu, kwa hiyo tunagawana kitabu hicho: sisi mwanzo, nyinyi mwisho. Kama mwisho una sukari nyingi, lalamikeni Kitale.

Mwandishi wake mwenyewe, Ken Walibora, ana dawa yake. *Kufa Kuzikana*, ya mwaka 2003: Akida na Tim, marafiki wa kufa kuzikana kweli, na makabila yanayowataka wachukiane. Hapo hakuna sukari. Duka moja huko kwenu, msomaji mwingine ananiambia, lilimjibu kwamba riwaya isiyo kwenye mtihani hawaagizi. Uliza wauza vitabu vya mitumba wa chini ya miti, wale hawana mtaala.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Korogwe. Wewe je, umefika ukurasa wa ngapi?*

Marahaba, mjukuu. Nilijua atatokea mmoja.

Nasoma *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili mwaka 2022. Miaka 28 imechukua kufika nyumbani, si mbaya ukimkumbuka Kitereza. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, na kutwa anamwita tajiri yule "ami", yaani ndugu wa baba. Kwa Kiingereza nilikisoma zamani nikaona kizuri. Kwa Kiswahili, kineno kile kidogo cha "ami" kilinichoma, kwa kuwa neno hilo nimelitumia maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri linaweza kumdanganya mtoto.

Nilifika ukurasa wa 88. Kisha jirani akaniomba kwa siku tatu tu, akitazame. Daftari langu linasema hii ni wiki ya tano. Jirani, najua gazeti hili hulipata siku ya Jumamosi, na najua uko nyumbani Jumapili. Mlango wangu uko wazi kuanzia alasiri, na swali nitakalokuuliza unalijua.