Wasomaji Wanauliza: Majina Yanayotofautiana, Uzoefu wa Kazi na Ajira Isiyo na Mkataba

Swali: Ndugu mwandishi, nilihitimu Shahada ya Uhasibu mwaka jana. Tangu hapo nimekuwa nikiomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, lakini sijaitwa kwenye usaili hata mara moja, ilhali wenzangu niliowazidi ufaulu wameitwa. Vyeti vyangu vya shule na chuo vina jina la baba "Saidi", wakati cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vina "Said". Je, hili linaweza kuwa tatizo, au ni upendeleo tu?
*Mhitimu, Singida*

Jibu: Habari ya upendeleo siwezi kuithibitisha wala kuikanusha nikiwa mezani hapa, lakini katika barua yako mwenyewe imo sababu inayotosha kukuweka nje kabla mtu yeyote hajatazama ufaulu wako. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hueleza wazi kwamba mwombaji ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka zake anapaswa kuwasilisha hati ya kisheria ya jina, ile inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Waombaji wengi huridhika na kiapo kilichogongwa mhuri kwa wakili, wakidhani kinatosha kwa sababu kiliwafaa benki au chuoni. Mahali tangazo linapotaka hati iliyosajiliwa, pelekeni hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa fedha kwa wakili, hata hivyo, tazama ni nyaraka zipi zilizo rahisi kurekebishwa. Jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne ndilo lililofuatwa na cheti cha kidato cha sita na hatimaye shahada, kwa hiyo kuligusa hilo ni kugusa mlolongo mzima. Mimi ningeanza kwa kuuliza RITA (wakala unaotoa vyeti vya kuzaliwa) na NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) kama cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vinaweza kurekebishwa vifuate vyeti vya shule, na hati ya jina ningeitumia kufunika tofauti itakayobaki. Fanya hivyo sasa, pasipokuwa na tangazo lolote, kwa kuwa siku za kuomba kazi huwa chache na hazimsubiri mtu aliye kwenye foleni ya marekebisho.

Kagua pia mambo mengine yanayowaangusha wahitimu wapya. Hati za matokeo ya muda na barua za utambulisho kutoka shuleni hazipokelewi badala ya vyeti kamili. Barua ya maombi inapaswa kuwa na sahihi yako. Ajabu ni kwamba watu huandika barua nzuri ya ukurasa mzima kisha wakaipandisha kwenye mfumo bila sahihi. Wasifu wako uwe na anwani na simu zinazopatikana pamoja na wadhamini watatu, na wadhamini hao wajue kwamba umewataja, maana mhadhiri anayepigiwa simu na kuuliza "huyo ni nani?" amekwisha kutoa jibu. Ukifika kwenye usaili na kufaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, usihesabu kwamba umeshindwa: majina ya waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata, na wapo wanaopangiwa vituo baadaye bila kuomba upya.

Swali: Niko mwaka wa tatu, nasomea pia uhasibu. Kila tangazo la kampuni binafsi linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mtu aliyetoka darasani ataupata wapi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Malalamiko yako ni ya haki, na waajiri wengine huandika miaka hiyo kwa mazoea tu, bila kupima kazi yenyewe inahitaji nini. Lakini mwanafunzi wa uhasibu ana nafasi ambayo wa fani nyingine huitamani: karibu kila duka la jumla, zahanati binafsi na karakana yenye usajili wa kodi inahitaji mtu wa kupanga risiti za mashine ya EFD (ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi), kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kuandaa ritani (taarifa) ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kuhakikisha kodi ya mishahara ya wafanyakazi imelipwa kabla ya tarehe 7. Wenye biashara hizo mara nyingi hawana uwezo wa kumwajiri mhasibu wa kudumu. Omba kufanya sehemu ya kazi hiyo wakati wa likizo, chini ya mtu anayeijua, kwa malipo madogo mtakayokubaliana, na mwishoni uombe barua inayotaja kazi ulizofanya na muda wake.

Mafunzo kwa vitendo nayo yasiishie kwenye kujaza kitabu cha kumbukumbu ili msimamizi asaini. Nimesoma wasifu mwingi wa wahitimu ambamo miezi miwili ya mafunzo imepewa mstari mmoja, "nilifanya field katika halmashauri", halafu nusu ukurasa umetolewa kwa maneno kama mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma, ambayo hakuna mwombaji asiyejipa. Mwajiri anataka kujua ulishika nini. Andika kwamba uliandaa hati za malipo, ulikagua viambatisho vyake, uligundua malipo yaliyoandikwa mara mbili na ukamjulisha msimamizi, ikiwa kweli ulifanya hivyo. Ukishahitimu, tafuta nafasi za mafunzo tarajali, na anza mapema mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa sababu mwajiri anayesita juu ya uzoefu wako hulegea akiona uko kwenye njia ya CPA, yaani sifa ya mhasibu mtaalamu.

Swali: Nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kwenye usaili, nitume shilingi 50,000 ya fomu. Nitume?
*Mhitimu, Mbeya*

Jibu: Usitume. Maombi kupitia Sekretarieti ya Ajira hayana malipo, na wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti rasmi ambayo anwani yake huishia na go.tz. Hifadhi namba hiyo na ujumbe wowote uliotumiwa, kisha uvipeleke polisi.

Swali: Nimepata kazi kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam. Mwezi wa tatu sasa naambiwa "mkataba unaandaliwa, uko kwenye majaribio". Naogopa kuuliza nisije nikafukuzwa.
*Msomaji, Kinondoni*

Jibu: Hofu yako ina msingi, kwa maana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako unapoanza kazi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa na ujira. Majaribio hayamwondolei wajibu huo, na yenyewe hayapaswi kuzidi miezi 12. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa juu yake.

Uliza kwa barua pepe, kwa adabu, ukiyaandika mwenyewe masharti mliyokubaliana kwa mdomo na kumwomba ofisa utumishi ayathibitishe au ayarekebishe. Ujumbe wa namna hiyo humpa nafasi ya kujibu kwa urahisi, na hata asipojibu, wewe umebaki na rekodi yenye tarehe. Wakati huohuo tunza taarifa za benki zinazoonyesha mshahara, na upite ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuuliza kama michango yako inaingia, asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri. Ukikuta umekatwa kwenye mshahara na huko hakuna kilichopelekwa, jambo hilo lipeleke NSSF wenyewe, wana wakaguzi wa kulifuatilia.