Orodha ya watu maarufu wenye disleksia haimfundishi mtoto kusoma

Wiki hii mama mmoja ameniandikia. Mwanawe ana miaka 9, amepimwa na kuambiwa ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno na kuyaandika kwa usahihi. Ndugu na marafiki wamemtumia picha za matajiri, wanasayansi na nyota wa sinema wenye hali hiyo hiyo, naye akamwonyesha mtoto ili ampe moyo. Mtoto akazitazama zote, kisha akauliza, "Hawa walijifunzaje kusoma?" Mama akakosa la kumjibu.

Mtoto ameuliza jambo ambalo orodha zile haziligusi. Sisi tunaofundisha watoto wa namna hii tunakutana nazo kila mara: picha, jina, utajiri, basi. Kilichotokea kati ya utoto wa kuhangaika na herufi na utu uzima wa mafanikio hakisemwi, na hapo katikati ndipo mtoto anapoishi sasa.

Orodha zenyewe zinahitaji kusafishwa kwanza. Einstein aondolewe. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa na disleksia, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anasoma falsafa ya Kant. Leonardo da Vinci hakupimwa na mtu yeyote. Wabaki wale waliopimwa au waliosimulia hali yao kwa vinywa vyao, maana hao ndio waliotuambia pia walivyofanya.

Chukua David Boies, wakili wa Marekani. Hakuweza kusoma mpaka darasa la tatu, lakini alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1966, na mwaka 1998 ndiye aliyemhoji Bill Gates katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft. Uwakili ni kazi ya makaratasi, naye husoma polepole. Nguvu yake aliiweka kwenye sikio: husikiliza kila neno la shahidi, hulishika, kisha hulirudia pale linapomfaa. Hilo mtoto anaweza kufundishwa. Kabla hajaanza kusoma sura mpya, msimulie kwa dakika mbili inahusu nini, umtajie majina na maneno magumu matatu au manne atakayokutana nayo, halafu naye akurudishie kwa sentensi tatu. Ndipo asome. Macho yake sasa yanathibitisha anachokijua, na uchovu unapungua sana.

Ila tahadhari. Kumbukumbu ya Boies haiji kama zawadi ya disleksia. Watoto wengi wenye hali hii hushindwa kushika maneno mengi kwa mpigo, kwa hiyo ukimwambia "funga daftari, chukua kalamu nyekundu, fungua ukurasa wa 14, anza swali la pili", atafunga daftari na kubaki amesimama. Huo si ukaidi. Toa maagizo mawili tu, akimaliza toa mengine mawili.

Carol Greider alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009. Alipokuwa mtoto alitengwa kwenye masomo ya ziada ya tahajia na akajiona mjinga. Kwa kuwa kuunganisha sauti kulimshinda, alikariri maneno mazima mazima. Alama zake za mtihani wa kuingilia masomo ya uzamivu zilikuwa mbaya, na kati ya vyuo vikuu alivyoomba ni viwili tu vilivyomfungulia mlango. Kimoja kilikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ni huko, tarehe 25 Desemba 1984, alipoona dalili ya kwanza ya telomerase, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu ndani ya seli, kazi iliyompa tuzo miaka 25 baadaye.

Njia yake ya kukariri naiheshimu, lakini msimpe mtoto anayesoma Kiswahili. Kitenzi kimoja tu, "kuta", kinazaa tulipowakuta, hawajakutana, utakapomkuta, na mamia mengine. Hakuna kichwa kinachoweza kuhifadhi maumbo yote hayo kama picha. Msomaji wa Kiswahili lazima ajue kulivunja neno, hana njia ya mkato.

Na hapa pana jambo linalowapotosha walimu wengi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma sahihi, ila polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Watu husema "anajua kusoma, ni mvivu tu". Mwaka 2001 watafiti walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao nayo hufuata matamshi, walisoma kwa usahihi zaidi, lakini sehemu ile ile ya upande wa kushoto wa ubongo ilikuwa imezubaa kwa wote. Tatizo ni lile lile, limevaa sura nyingine. Inaniuma kuona mtoto akiadhibiwa kwa uvivu asiokuwa nao.

Jinsi ya kumtambua: mwandikie maneno yasiyo na maana, kama mepu, dizo, lavuki, ngashome. Mtoto aliyekariri wimbo wa ba be bi bo bu ataimba vizuri sana ubaoni, lakini kwenye lavuki atakwama au atasoma neno analolijua linalofanana nalo. Hapo umeona kwamba herufi hazisomi, anazikisia. Kuchanganya b na d, akasoma "baba" kama "dada", ni kawaida kwa mwanafunzi anayeanza na peke yake hakuthibitishi kitu. Kukiendelea baada ya miaka 8, pamoja na kasi ndogo na tahajia inayobadilika kila siku, tafuta mtaalamu ampime. Macho na masikio yapimwe kwanza, ili yasije yakawa ndiyo chanzo.

Sasa somo lenyewe. Dakika 30 hadi 40 kila siku, siku tano kwa wiki, ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Dakika tano za kwanza ni za masikio tu, bila kitabu. Weka vizibo vya chupa mezani, sema "kata", naye asukume kizibo kimoja kwa kila sauti: k, a, t, a. Kisha mwambie aondoe k, aweke p. Limekuwa neno gani? Watoto wengi wenye disleksia hukwama hapa, na wazazi hushangaa kwa sababu mtoto anaongea vizuri tu. Kusikia neno ni jambo moja, kusikia vipande vyake ni jambo jingine.

Kisha kadi za herufi na silabi, zikiwa zimechanganywa. Zisipangwe kamwe kwa mfuatano wa wimbo. Silabi mpya zisizidi tatu kwa siku. Mtoto anaichora kwa kidole kwenye mchanga au unga huku akitamka sauti yake, mdomo na mkono vikienda pamoja. Kadi aliyoijua bila kusita siku tatu mfululizo inahamia kisanduku cha pili na kurudiwa mara moja kwa wiki. Akikosea, inarudi cha kwanza bila maneno mengi. Anayechanganya "faa" na "vaa" aweke vidole kooni: kwenye v koo linatetemeka, kwenye f halitetemeki. Dawa hiyo hiyo inafaa kwa s na z. Mb, nd, nj, ng na ng' ziachwe mpaka silabi nyepesi ziwe zimekaa, na ng na ng' zisifundishwe wiki moja.

Baada ya hapo maneno marefu. Andika "tulipowakuta" kwa herufi kubwa, lifunike kwa kipande cha karatasi, kisha lifunue kipande kwa kipande: tu, li, po, wa, kuta. Mtoto wa namna hii huruka katikati ya neno akasoma "tuliwakuta", na sentensi nzima inapoteza maana. Akishajua kwamba "po" ina kazi yake, haachi tena kuitafuta. Ukifundisha vipande hivi vya kitenzi kama vipande vya maana, na si silabi tupu, kasi hupanda haraka kuliko kwa zoezi lolote ninalolijua.

Malizia kwa kifungu kifupi cha maneno 50 hadi 100, chenye silabi alizofundishwa tu. Asome mara tatu. Akikosea neno msubiri sekunde tatu, mwonyeshe kipande alichokosea, alisome tena, arudi mwanzo wa sentensi. Usimwambie "tazama picha ubahatishe". Kubahatisha ndiyo tabia tunayoivunja.

Makosa yanayoharibu kazi hii yanajulikana. Kumlazimisha asome kwa sauti mbele ya darasa zima bila kujiandaa. Kumnakilisha ubao mzima mpaka mkono unauma. Kununua miwani ya rangi au karatasi za rangi za kuweka juu ya kitabu, wakati disleksia si ugonjwa wa macho na utafiti haujaonyesha kwamba rangi hizo zinafundisha kusoma. Herufi kubwa kidogo na nafasi pana kati ya maneno zinasaidia zaidi, na ni bure. Baya kuliko yote ni kuacha masomo mtoto anapoanza kusoma sahihi lakini polepole, kwa sababu hapo ndipo kasi ingeanza kujengwa.

Kuna msemo unaosambaa kwamba mtoto wa disleksia ana kipaji kingine, aachwe na kipaji chake. Wazazi, msiukubali. Jackie Stewart alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula 1 mara tatu, 1969, 1971 na 1973, lakini alipimwa akiwa na miaka 41, baada ya mwanawe kukutwa na hali hiyo. Miaka yote hiyo ya ushindi aliibeba aibu ya shuleni. Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu, alipimwa akiwa na umri wa karibu miaka 60, na bado husoma miswada kwa muda mrefu zaidi ya mara mbili ya wengine. Kipaji hakikuwafundisha kusoma, na kutojua wana nini kuliwaumiza bure.

Wanachotufundisha wafanyabiashara ni kingine: kuipanga kazi upya izunguke ugumu. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa kampuni ya samani ya IKEA, alisumbuliwa na namba za bidhaa, ndipo samani zikapewa majina ya miji, watu na vitu. Richard Branson, mwanzilishi wa kampuni za Virgin, alifika miaka 50 akichanganya mapato ghafi na faida, mpaka mwenzake alipomchorea bahari na wavu: samaki walio ndani ya wavu ndio faida, bahari nzima ni mapato. Hatembei bila daftari, kwa sababu asichokiandika hapo hapo hupotea. Kwa kijana wa sekondari tafsiri yake ni hii. Rangi moja ya jalada kwa kila somo. Namba ndefu zivunjwe tatu tatu. Kila dhana mpya ichorwe kabla ya kuandikwa. Insha aitamke kwanza kwenye simu, programu ya kuandika sauti iiweke kwenye maandishi, kisha aihariri mara mbili: mara ya kwanza mawazo peke yake, mara ya pili tahajia peke yake. Kuvifanya vyote kwa pamoja humchosha naye huacha makosa mengi. Akisikiliza kitabu kilichorekodiwa, macho yafuate maandishi, aanze kwa kasi ya kawaida na kuongeza taratibu.

Mitihani inahitaji kushughulikiwa mapema. Ripoti ya mtaalamu iandikwe bado kuna muda wa kuomba, iseme wazi kasi yake ya kusoma na ya kuandika, na itaje anachohitaji: muda wa ziada, ambao Uingereza mara nyingi huwa asilimia 25, msomaji wa maswali, au chumba chenye utulivu. Kisha afanye majaribio kwa utaratibu huo huo kwa muhula mzima. Mwanafunzi anayepewa muda wa ziada siku ya mtihani tu huutumia kurudia yale yale kwa wasiwasi. Aliyezoea hupanga: robo ya muda kusoma maswali yote na kupigia mstari vitenzi vya maagizo, nusu kujibu, robo iliyobaki kusoma majibu yake kwa kunong'ona, kidole kikiwa chini ya kila neno.