Mita 60, lakini kutoka wapi? Kwa mnaoanza kazi ya mipango kando ya Ziwa Nyasa

Wadogo zangu mlioripoti kazini mwaka huu, hasa ninyi mliopangiwa wilaya ya Kyela, nimesoma rasimu zenu za sheria ndogo za vijiji vya ufukweni. Mmefanya kazi, naiona. Ila karibu zote zina sentensi ileile: "Hairuhusiwi kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani." Hakuna hata moja inayosema mita hizo zinaanzia wapi. Sentensi hiyo imeshawaliza watu huku, na sitaki iwalize wengine kupitia mikono yenu.

Hatua sita za PLUM, ule mwongozo wa mipango shirikishi ya matumizi ya ardhi ya vijiji, mnazijua, sitazirudia. Nitasema yale mnayoyaruka.

1. Soma kilichopo kabla ya kuandika kipya. Mpango wa zamani wa kijiji upo kwenye kabati la mtendaji, na huenda sehemu ya ufukwe ilishatangazwa kuwa eneo la mipangomiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Eneo lililotangazwa lina Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Ukizichanganya, mwekezaji mwenye wakili atakumaliza kabla ya saa nne asubuhi.

2. Kanda, yaani eneo lililotengewa matumizi fulani, isiyo na sheria ndogo ni rangi tu kwenye ramani. Halmashauri ya kijiji iandike, Mkutano Mkuu ujadili, Halmashauri ya Wilaya iidhinishe, na muhtasari uambatane na mahudhurio yenye sahihi. Na tafadhali, Matema msiitishe mkutano Jumamosi. Jumamosi ni soko la Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanashusha vyungu kutoka Ikombe kwa mitumbwi, na nusu ya watu mnaowahitaji wako hukohuko. Nimewahi kuona rasimu iliyopitishwa siku ya soko: sehemu yote wanaposhushia vyungu ilipakwa rangi ya hoteli. Wafinyanzi walikuwa wapi? Walikuwa wanauza vyungu, mita chache kutoka kwenye mkutano uliokuwa unawaondoa. Ilibidi mchakato uanze upya, na hawakuacha kutuuliza kwa nini hatukuwafuata sokoni. Walikuwa na haki ya kuuliza.

3. Sasa hizo mita 60. Hapa naomba mtulie.

Miaka ya nyuma, katika kijiji kimoja cha tambarare ambacho sitakitaja, timu yetu ilikwenda kuweka mpaka wa kanda ya hifadhi. Ilikuwa Novemba. Fedha zilikuwa zimechelewa, gari lilikuwa limepatikana kwa siku chache, kila mtu alitaka bikoni, zile nguzo za mpaka, ziingie ardhini kabla mvua hazijafunga njia. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, mchanga mpana umelala wazi. Tulianzia pale maji yalipoishia siku ile, tukavuta mita 60, tukachimbia. Mimi ndiye niliyeshika kitabu cha vipimo. Mzee mmoja mvuvi alitufuata tangu bikoni ya kwanza. Akasema, "Wanangu, hapo mnapoanzia ni kitandani kwa ziwa. Likirudi kulala mtaliambia nini?" Tukamwitikia kwa heshima, "Ndiyo, baba," tukaendelea kuvuta futi kamba.

Watu waliuamini mstari ule. Mama mmoja aliyekuwa amekusanya fedha za mpunga wa misimu kadhaa alikuja kuuliza kabla ya kujenga. Sikilizeni hilo: alikuja kuuliza. Tulimpeleka hadi kwenye bikoni, tukamwonyesha upande ulio salama, na kijiji kikampa barua. Akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, hatua chache nyuma ya mstari wetu.

Mvua za Machi na Aprili zilipokwisha, bikoni zilikuwa majini. Nyumba yake ilikuwa na maji hadi madirishani, na ukuta wa upande wa ziwa ulianguka. Alikuja ofisini na ile barua, kavu, kwenye mfuko wa plastiki. Hakugomba. Aliiweka mezani akauliza afanye nini sasa. Aliyevunja sheria ana adhabu yake, imeandikwa. Aliyeitii sheria mbovu hatukuwa na fungu la kumlipa wala kifungu cha kumsaidia. Jirani zake waliojenga bila kuuliza mtu, kwa kufuata tu mahali babu zao walipokomea, walikuwa wakavu. Tangu hapo pale kijijini tukizungumzia bikoni watu wanatazamana.

Sababu si ngumu, na tungeweza kuijua kabla. Kwa mwaka wa kawaida Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita moja: huwa chini kuelekea mwisho wa mwaka, juu kuanzia Aprili na Mei. Penye mteremko wa mita moja kwa kila mita 30, kupanda huko kunakula mita 30 za mchanga, yaani nusu ya hifadhi yenu imeondoka kabla hata mafuriko hayajatajwa. Tena hiyo ni miaka ya kawaida. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, upande wa Malawi. Mengine hupotea kwa mvuke. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kukimbilia haraka. Kufikia mwaka 1915 ziwa lilikuwa limeshuka hadi Shire ukaacha kutoa maji kwa miaka mingi. Mwaka 1980 lilifika juu sana. Kati ya vimo hivyo viwili kuna zaidi ya mita tano.

Kwa hiyo andikeni hivi: mita 60 zitapimwa kutoka alama ya juu ya maji iliyothibitishwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Kimo chake juu ya usawa wa bahari na majira-nukta (namba za mahali kwenye ramani) ya kila bikoni viambatishwe kwenye sheria ndogo yenyewe. Kabla ya kwenda kwa Bodi, waulizeni wazee mwaka 1980 mitumbwi ilifungwa wapi. Watawapeleka kwa miguu hadi pale.

4. Mito inahama. Songwe umebadili mkondo mara nyingi kwenye tambarare, na ndio mpaka wa nchi. Kiwira, Mbaka na Lufilyo nayo ina tabia zake. Wekeni kifungu cha kupima upya baada ya kila mafuriko makubwa.

5. Mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, si uvamizi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sura ya 191, ambacho ndicho chenye hizo mita 60, kinazuia shughuli za kudumu na zile zinazoharibu mazingira. Chanja ya kuanikia usipa haimo. Chora mwalo, kaa na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), kisha chora njia za umma za kwenda majini na uandike upana wake kwa mita. Tangu lami ifike Matema, viwanja vya ufukweni vinatafutwa kwa bidii, na ukuta mmoja wa hoteli unatosha kumzungusha mama mwenye ndoo kijiji kizima.

6. Nyumba za zamani msizianze na alama ya X nyekundu. Piga picha, andika mwaka wa kujengwa na mwenye nyumba, maana nyingine zina umri mkubwa kuliko sheria ya 2004, kisha pendekeza sharti la kutoongeza wala kujenga upya ndani ya hifadhi.

7. Vyoo. Maji ya ardhini yako juu, shimo la kawaida linafurika, na Kyela inakijua kipindupindu. Sharti la choo liingie kwenye kibali cha ujenzi, na afisa afya aliandike pamoja nanyi.

Mnaokwenda kijijini wiki ijayo, rudisheni kwanza rasimu zenu mezani kwangu. Kila penye maneno "kutoka ziwani" nimeweka mduara. Jazeni, kisha tutaondoka pamoja.