Picha za RAW kufifia ukizigeuza JPEG

Pole ndugu yangu. Umesema picha zako za RAW (faili ghafi la kamera) za majahazi ya Bagamoyo zinaonekana kali kwenye kioo cha kamera, ila ukizigeuza JPEG (faili la picha la kawaida, lililobanwa) kwenye kompyuta zinafifia. Faili halijaharibika. Kioo hukuonyesha JPEG ambayo kamera imeshaiongezea makali. RAW huja bila nyongeza hiyo, kazi umeachiwa wewe.

Mimi natumia darktable, programu ya kuhariri RAW, ni ya bure. Kuza picha hadi asilimia 100 ndipo uongeze makali, ukitazama kitu chenye nyuzi, kama kamba za tanga. Ukiona mstari mweupe pembeni ya kamba, umezidisha, punguza. Chengachenga (vidoadoa vinavyotapakaa kwenye picha) zipunguze kiasi tu, maana ukizifuta zote na nyuzi zinaondoka nazo. Ukubwa wa picha upunguze mwishoni, mara moja, kisha toa JPEG ya ubora wa 90 hivi. Ukitaka kurekebisha tena, rudi kwenye RAW. JPEG hupungua ubora kila ukiihariri na kuihifadhi upya.

Mteja mtumie kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, isibanwe.

Ila kama RAW zote zina ukungu hata fokasi ikiwa sawa, huenda unyevu wa pwani umeingia kwenye lenzi. Usiifungue mwenyewe, tafadhali. Mpelekee fundi wa kamera.